Njia za Troli: Siku Tatu za Vumbi Kwenye Bonde la Mto Pangani

Babu mzaa baba alikuja Korogwe kutoka Kasulu kukata mkonge. Kwenye daftari la shamba aliandikwa namba kwanza, jina baadaye, na ndiyo maana yeye na wenzake waliitwa manamba. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Katika maneno machache niliyobaki nayo kutoka kwake, kuna moja alilolirudia kila tulipopanda basi kwenda Moshi: "Ukiwa barabara kuu unaona milima tu. Bonde mpaka ulikanyage."

Nimelikanyaga. Siku tatu za mwezi wa saba, mimi na mtoto wa kaka yangu mwenye miaka 19, baiskeli mbili, kutoka Mazinde hadi Pangani mjini, lami tukiikwepa kila ilipowezekana.

Aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro amelipita bonde hili bila kulijua. Segera, Korogwe, Mombo, Mazinde, Mkomazi: basi linakimbia, mkono wa kulia Usambara imesimama, mkono wa kushoto tambarare ya mkonge na miiba. Mto wenyewe hauuoni. Uko huko kushoto, umejificha kwenye mstari wa miti mirefu ya kijani ambao abiria wengi wanadhani ni msitu tu. Ramani inauita Pangani, jina la mji unakomwaga maji yake baharini. Wenyeji wa bondeni wengi wanauita Ruvu au Luvu. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka kusini mashariki. Kutoka huko juu hadi bahari ya Hindi ni kama kilomita 500.

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga ni mji wa baiskeli. Mama mtu mzima aliyevaa baibui anaendesha kwenda sokoni na hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Nilijifunza kwenye Phoenix ya baba, mguu mmoja nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu siti sikuifikia. Niliyonayo sasa ni ya mtumba, ilikuja na kontena kutoka Ulaya: usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, matairi ni ya milimita 40 yenye meno mafupi. Ni nyepesi kiasi cha kukimbia, na tairi ni nene kiasi cha kutozama kwenye mchanga. Ulaya na Marekani wanaita aina hii baiskeli za changarawe na wanazifanyia mashindano makubwa. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alipigania sana waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate nafasi huko. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye shindano la namna hiyo Vermont, Marekani. Nilikuwa nikimfuatilia kwa miaka. Jina lake nimeliandika kwa rangi nyeupe kwenye fremu, hapo chini ya chupa ya maji, na kila ninapoinama kunywa ninalisoma.

Basi lilitushusha Mazinde saa moja na nusu asubuhi. Kwa anayepita ni kituo kidogo, mkonge pande zote. Lakini karne ya 19 hapa palikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Baba alitawala Usambara akiwa Vuga, juu milimani. Huko ndiko mmisionari Krapf alikomfuata mwaka 1848 na tena 1852, na wasafiri Waingereza Burton na Speke wakapanda kumwona mwaka 1857. Mtoto akateremka. Aliona kwamba bunduki, vitambaa na pembe za ndovu vinapita tambarare, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Umasaini na Kilimanjaro, na kwamba mwenye kukaa njiani ndiye atakayekuwa na bunduki. Zilipompa nguvu, Vuga yenyewe ikatikisika. Ukisimama Mazinde na baiskeli mkononi, hesabu yake unaiona kwa macho: mlima umesimama mgongoni kama ukuta, mbele bonde limefunguka, na hakuna msafara unaoweza kupita usiuone vumbi lake.

Tulikwenda tukishuka, yaani upande ule ule zilikoshushwa pembe, na watu waliozibeba, na watu waliokuwa wenyewe ni bidhaa. Sikutaka kulipamba hilo kwa mtoto wa kaka. Nilimwambia hivyo hivyo, tukanyamaza kilomita mbili tatu.

Njia nzuri kuliko zote kati ya Mazinde na Korogwe ni ile inayofuata reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Pembeni ya tuta la reli kuna kinjia cha wapita kwa miguu na baiskeli, kigumu, kimesagwa na miguu ya miaka mingi, na hakina mwinuko wa kukutoa pumzi kwa sababu treni nayo haipendi kupanda. Panapokatika, unaingia barabara za mashamba. Hizo nyingine zina mawimbi madogo madogo kama bati la nyumba. Ukienda polepole yanakutingisha meno, ukikaza mwendo gurudumu linapita juu juu. Nyingine ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama sementi. Mvua ikinyesha usijaribu: unajaa kwenye breki na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Anayetaka njia hii aje Juni hadi Septemba, na aanze alfajiri, maana Mombo kwenye saa sita jua linauma kweli.

Mombo tulikunywa uji na chapati, tukaondoka. Kutoka hapa Wajerumani walitandaza reli nyembamba kuvuka mto kwenda Handeni, matroli yakisukumwa kwa mikono ya watu. Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliposhuka bondeni kuwafukuza, vita vilipiganwa Mkalamo, ng'ambo ya mto, kwenye njia hiyo hiyo. Huwa wanasimuliwa majenerali tu. Mimi nawafikiria wasukuma troli, na wapagazi wa pande zote mbili, waliopita kwenye miiba hii bila viatu.

Na miiba yenyewe tuliipata. Karibu na Maurui tuliiacha njia ya reli tukakata kulia kwenda kuuona mto, tukapita uwanja wa ng'ombe. Mbigiri. Anayelima anaijua: mmea mdogo unaotambaa chini wenye ua la njano, na tunda lake lina pembe ngumu ambazo hata likianguka vipi, moja inaangalia juu. Hatukusikia kitu. Tuliona tu baiskeli zinazidi kuwa nzito, halafu rimu zinagonga chini. Pancha nne kwa mara moja.

Tyubu mbili za akiba nilizonunua mjini zilikuwa zinavuja kwenye shina la valvu tangu dukani, kwa hiyo hapakuwa na njia ila viraka. Tulikaa chini ya mkuyu saa nzima na zaidi. Kosa la wengi ni kuchomoa miiba wanayoiona nje na kuziba tyubu, halafu baada ya mita mia mbili upepo umetoka tena. Nilichana kipande cha kanga nikakizungusha ndani ya tairi polepole. Kinapokwama, hapo pana ncha. Tairi langu la nyuma kilikwama mara saba. Ncha nyingine zilikuwa fupi kuliko punje ya mchele, nikazisukuma kwa ukucha kutoka ndani mpaka kidole kikatoka damu. Kijana akawa anakwaruza tyubu kwa msasa, anapaka solusheni, anaipulizia mpaka ikauke, ndipo anabandika na kukandamiza kwa goti. Kukausha ndiko kazi. Asiye na subira ya dakika tano ataziba mara mbili.

Lakini mkuyu huo ulikuwa hatua hamsini kutoka mtoni, na nisingekaa hapo saa nzima kama si mbigiri. Ruvu hapo ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda kimya, na unagawanyika ukizunguka visiwa vyenye majani marefu. Wasafiri wa karne ya 19 walikuta watu wakiishi visiwani humu humu, Maurui na Korogwe ya zamani, nyumba zimebanana, njia ya kuingia ni daraja la miti tu. Watu hawajengi kwenye kisiwa chenye mamba kwa kupenda mandhari. Walikuwa wanakimbia kukamatwa.

Ng'ambo ile ni Uzigua. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafikisha Wazigua wengi pwani, na huko wakauzwa utumwani. Waliopelekwa Somalia walitoroka wakajenga vijiji kwenye bonde la mto Juba, na wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilipoanza, mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia hapa, kwenye nchi waliyoijua kwa masimulizi ya mababu, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Wengine wako Marekani. Nilimwonyesha kijana ng'ambo kwa kidole, nikamwambia watu walitoka pale, na kuna waliorudi. Akauliza, "Walijuaje pa kurudi, shangazi?" Nikamwambia lugha iliwaonyesha. Sikuwa na jibu bora, na mpaka leo sijalipata.

Ngombezi tuliingia jua limeanza kulegea. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Harufu inakufikia kabla ya kiwanda: majani yaliyosagwa, chachu, kitu kama mtama uliolowekwa ukasahauliwa. Halafu mlio wa korona, mashine inayokwangua jani la mkonge. Majani yanapangwa kwenye mnyororo mpana, yanaingia upande mmoja yakiwa ya kijani, manene, yenye mwiba mweusi uliokwisha kukatwa nchani. Ngoma zenye visu butu zinayaponda huku maji yakimwagika juu yake. Upande wa pili zinatoka nywele. Ndivyo zinavyoonekana, nywele ndefu zenye ukijani hafifu, zinadondosha maji. Wanawake wanazibeba begani kwenda kuzianika kwenye nyaya, na jua likizipiga siku moja zinakuwa rangi ya siagi. Katika uzito wa jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki zote ni maji na makapi, na ndiyo maana korona lazima iwe karibu na mto, na ndiyo maana mkonge ulilifuata bonde hili.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya kambi. Nilimwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mnatoka wapi na vumbi lote hilo?"

Nilimwambia Mazinde, na kwamba babu yangu alikuwa Muha wa hapa. Hakuniuliza jina lake. Aliuliza alikuwa anakata au alikuwa korona. Nikasema anakata. Akasimama, akaokota kijiti, akanionyesha: unainama, unaingiza mkono chini ya jani usichomwe, unakata karibu na shina, unapunguza mwiba wa nchani, unahesabu majani 30, unafunga tita. Mkono wake ulifanya hivyo bila yeye kuutazama. "Mwiba ukikuingia jichoni ndiyo basi," alisema. "Wako waliorudi kwao na jicho moja." Akatuonyesha upande iliposimama kambi ya Waha, na ya Wabena, na ya Wamakonde. Kila kambi na ngoma yake Jumamosi, lakini shambani wote Kiswahili.

Nyumbani tulikuwa na kipande cha babu mpaka mchwa walipokula sanduku. Kadi ngumu yenye vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi iliyokubaliwa na mnyapara. Kazi isipokamilika, siku haihesabiwi. Baba alikuwa akituambia kuwa babu aliweza kukata mwezi mzima na nusu akapata siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kikawafuata watu Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 1967 serikali ikayachukua mashamba mengi. Ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, na mkonge ukageuka pori. Sasa unarudi. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale na Magoma ekari nyingi ziko mikononi mwa wakulima wadogo walio kwenye vyama vya ushirika, na tuliwaona asubuhi yake wakipalilia mistari iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Lilinifurahisha kuliko kitu chochote cha safari ile: mtu mwenye jembe lake, kwenye mkonge wake.

Jioni hiyo kijana aliuliza swali ambalo nilikuwa nimeendesha baiskeli juu yake mchana kutwa bila kulijua. "Hizi barabara nani alizinyoosha hivi, shangazi?" Mzee ndiye aliyejibu. Nyingi zilikuwa reli ndogo za troli. Tita lilibebwa kichwani kutoka mstarini hadi relini, troli likalivuta hadi korona. Reli zikang'olewa, mataruma yakapikiwa ugali, tuta likabaki. Kwa hiyo ule ulaini wa njia, ile miteremko mirefu isiyokushtua, zile kona pana ambazo mwendesha baiskeli anazipenda hata hajui kwa nini, zilipimwa kwa ajili ya troli la mkonge mbichi, na walioushindilia udongo huo ni manamba. Nilikuwa ninaendesha juu ya mgongo wa babu.

Siku ya pili nitaisema kwa ufupi. Korogwe hadi Mnyuzi na Hale ni vumbi jekundu, miembe, mashamba ya mahindi, na watoto wanaokukimbiza wakidai uwape lifti. Hale kuna kituo cha umeme cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na chini yake maporomoko ya Pangani yenye kituo cha megawati 68 cha mwaka 1995. Mto uliokwenda kimya Maurui hapa unapiga kelele, kisha unaingizwa kwenye mabomba. Tukaenda Muheza kulala. Machungwa ya Muheza hayahitaji sifa zangu.

Siku ya tatu, kutoka Muheza tukachukua barabara ya changarawe ya kuelekea Boza na Pangani, kilomita arobaini na kitu. Hii naipendekeza hata kwa anayeanza. Mabonde madogo yanapanda na kushuka, mkonge unaachia minazi, hewa inakuwa nzito na ya chumvi. Njia ya bondeni humu ndimo wasafiri wa Ulaya Hans Meyer na Oscar Baumann walimokuwa wakirudi kutoka Usambara mwaka 1888 walipokamatwa na watu wa Abushiri bin Salim. Waliachiwa kwa fidia. Pwani ilikuwa imewaka. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imetaka kupandisha bendera yake Pangani, na Pangani ikakataa. Abushiri, mwenye shamba la miwa hapo hapo mtoni, alipigana zaidi ya mwaka mmoja. Wajerumani walimnyonga Pangani mjini, Desemba 1889. Kijana alikuwa amemsoma shuleni kama jibu la mtihani. Alipoona mto na ngome na mitaa yenye milango ya kuchongwa, alisimamisha baiskeli katikati ya njia, akashuka, akaitembeza.

Tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki kando ya mto. Mwenye mgahawa alitueleza kuwa maji ya chumvi siku hizi yanapanda mbali kuliko alivyoyajua utotoni, na kwamba kaka yake ameacha kulima mpunga kando ya mto kwa ajili hiyo. Maji matamu yanayoshuka yamepungua, wa juu wote wanayahitaji, na bahari nayo haiachi nafasi wazi. Nilifikiria ile rangi ya chai ya maziwa pale Maurui. Jinsi maji yanavyogawanywa kutoka Nyumba ya Mungu hadi hapa, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa la bonde hili kwa sasa, kubwa kuliko barabara. Ingawa barabara nayo inakuja: lami ya pwani, na daraja la mita 525 la kuvuka hapa mdomoni. Anayetaka kulijua vumbi la pwani hii asingoje sana.

Tulivuka kwa pantoni hadi Bweni, watu wamesimama, baiskeli zimeegemezwa kwenye magunia ya nazi. Nilikuwa na mahali pamoja pa mwisho: Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge, mmea wa asili ya Yucatán huko Meksiko, kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe. Mashamba yote tuliyoyapita siku mbili zile, Mazinde, Ngombezi, Mnyuzi, Hale, yametoka kwenye miche hiyo.

Sikuwa nimemwambia kijana habari hiyo mpaka tulipofika. Nilimwambia tukiwa tumesimama kando ya njia, mlingoti mmoja wa mkonge umechanua juu yetu na miche yake midogo imening'inia kwenye matawi. Alisimama muda mrefu. Akachukua simu, akapima kutoka Kasulu hadi pale tulipo: zaidi ya kilomita elfu moja. Akanionyesha kioo. Halafu akauliza babu alikuwa na miaka mingapi alipopanda treni. Nikamwambia baba alisema hakuwa ametimiza ishirini.

Akairudisha simu mfukoni, akakagua tairi la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma, la kwangu pia. Pantoni ya kurudi ilikuwa imekwisha kupiga honi.